Mhariri, huo mshangao ni wa nani?

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Dodoma, huku Nkuhungu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nina steshenari yangu ndogo hapa mtaani, nachapa, naprinti, natoa kopi, najazia watu fomu za mikopo na za vitambulisho, na kila asubuhi kabla mteja wa kwanza hajaingia nakuwa nshasoma gazeti lenu lote mpaka matangazo ya minada na ya misiba. Kwahiyo naomba msinione kama mtu aliyekaa kutafuta makosa ya watu, naandika kwasababu nalipenda hili gazeti na naijali hii lugha, ndo inayonilisha mimi na wanangu.

Wiki mbili zilizopita kwenye habari za mikoani kulikuwa na sentensi ambayo nimeikata nimeibandika ukutani juu ya printa. Ilianza hivi: "Kwa mshangao, mvua kubwa ilinyesha jijini Dodoma juzi usiku." Nikasoma, nikarudia, nikamwita kijana anayenisaidia kazi nikamwambia hebu soma na wewe uniambie unaona nini. Akasoma akasema dada mbona iko sawa tu. Hapo ndo nikaona lazima niandike, maana kijana ana diploma, anachapa haraka kuliko mimi, na haoni kitu.

Nauliza kwa nia njema Mhariri, huo mshangao ni wa nani? Nani alishangaa hapo? Kwa jinsi sentensi ilivyokaa aliyeshangaa ni mvua.

Maana "kwa" ya namna hii ikikaa na neno la moyoni inamuelezea yule anayetenda. Mwalimu aliingia kwa hasira, mwenye hasira ni mwalimu. Bibi harusi alipokea zawadi kwa furaha, furaha ni ya bibi harusi na wala sio ya zawadi. Mtoto alimtazama mgeni kwa mshangao, hapo sawa kabisa, mtoto ndo kashangaa, kaachama mdomo na macho kayatoa. Sasa ukisema kwa mshangao mvua ilinyesha ni kama umesema kwa hasira mvua ilinyesha, mshairi anaruhusiwa, lakini habari ya nyumba kuingia maji hairuhusiwi kuandikwa hivo.

Na mahali pengine kosa hili linaumiza. Chukua sentensi kama "kwa mshangao, mshtakiwa alikiri kosa". Hapo msomaji anaweza kuelewa kwamba mshtakiwa mwenyewe alishangaa, labda hakujua anachoulizwa, labda alichanganyikiwa, kumbe mwandishi alitaka kusema watu waliokuwa mahakamani ndo walishangaa kuona jamaa anakiri kirahisi. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Ndugu wa yule mshtakiwa wakisoma gazeti kule kijijini watashika ipi?

Najua linakotoka. Mwandishi alikuwa na neno la Kiingereza kichwani, "surprisingly", akatafuta la Kiswahili akakutana na mshangao, akaweka "kwa" mbele akaendelea na safari. Nalijua kwasababu linapita mezani kwangu kila siku, kwenye barua za kuomba kazi, kwenye ripoti za fildi za wanachuo, kwenye risala na mihtasari ya vikao. Vijana wengi siku hizi wanaandika Kiingereza kwanza alafu wanakihamishia kwenye Kiswahili neno kwa neno, au wanaweka sentensi nzima kwenye simu na kile kitakachotoka wanakibandika kilivyo.

Kuna mzee mmoja mwalimu mstaafu huwa anakuja kutoa kopi za nyaraka za kiwanja chake, nilimwonyesha kile kipande ukutani akanipinga. Akaniambia mwanangu, mbona tunasema kwa bahati mbaya basi lilipata ajali, basi lina bahati? Nikakwama kidogo, sio uongo. Nikalala nalo hilo swali. Kesho yake nikamwambia shikamoo mwalimu, jibu nimelipata: bahati haikai ndani ya moyo wa mtu, bahati inamjia mtu kutoka nje, inaweza kuangukia basi, abiria, na hata wewe unayesimulia. Lakini hasira, furaha, aibu, mshangao, hivi vyote lazima viwe na mwenyewe, lazima kuwe na kifua ambamo vimekaa. Ndo maana kwenye matangazo ya misiba ninayochapa tunaandika "kwa masikitiko makubwa familia inatangaza kifo cha mpendwa wao", masikitiko yana mwenyewe, ni familia. Hakuna aliyewahi kuniletea tangazo lililoandikwa "kwa masikitiko makubwa marehemu alifariki". Mzee akacheka akasema haya mwanangu, hapo umenishika.

Sasa dawa yake ni rahisi na tunayo tangu zamani. Sema "cha kushangaza". Hapo kuna "kitu" kimejificha, kitu cha kushangaza ni kwamba mvua ilinyesha. Au sema "jambo la kushangaza", au "inashangaza kwamba". Na kama mshangao ni wa kwako mwenyewe unayesimulia basi utaje, "kwa mshangao wangu nikakuta mtu kashapanga mawe ya msingi kwenye kiwanja changu". Hiyo naiandika kila wiki kwenye barua za migogoro ya viwanja, Dodoma hii tangu serikali ihamie viwanja vimekuwa kesi, na sentensi hiyo haina kosa lolote, maana mshangao umeshapewa mwenyewe.

Naomba niingie kidogo kwenye Kiingereza chenyewe maana kosa limeanzia huko, na wanaoniuliza ni wengi hasa wanafunzi wa sekondari.

Mwanafunzi atakuandikia "I am surprising" akitaka kusema nimeshangaa. Ukimwambia ni "surprised" anakuuliza tofauti iko wapi, na darasani kaambiwa hii inaishia "ing" ile "ed", kakariri, mtihani umepita kasahau. Mimi huwa namrudisha nyumbani kwenye Kiswahili. Namuuliza, kuchoka na kuchosha ni kitu kimoja? Anasema hapana, mtu anachoka, kazi inachosha. Kufurahi na kufurahisha? Kushangaa na kushangaza? Hata lile neno la vijana, mtu anaboreka, stori inaboa. Basi "surprised" ni yule aliyeshangaa na "surprising" ni kile kinachoshangaza. Hiyo "z" au "sh" yetu ndo "ing" yao. Mtoto aliyezaliwa na Kiswahili hawezi kukosea kushangaa na kushangaza hata umwamshe usiku wa manane, kwahiyo akipewa daraja hilo anavuka mwenyewe.

Ukishalijua hilo, "surprisingly" inakuwa nyepesi. Imetoka upande wa "surprising", upande wa kile kinachoshangaza. Ndo maana Mwingereza akitaka kusema mtu alinitazama kwa mshangao hatumii "surprisingly", anasema "in surprise". Kuna neno lingine, "surprisedly", la upande wa aliyeshangaa, lipo lakini ni adimu, watu wao wenyewe hawalitumii sana. Kwahiyo aliyegeuza "surprisingly" kuwa "kwa mshangao" amechukua neno la upande mmoja akalivalisha nguo ya upande wa pili.

Na hata wao waligombana kuhusu maneno ya jamii hii. Wana "hopefully", ambalo zamani lilikuwa na maana ya kufanya jambo ukiwa na matumaini moyoni, baadae watu wakaanza kulitanguliza mbele ya sentensi, "hopefully" basi litafika mapema, kwa maana ya tunatumaini litafika. Wakali wa lugha wakasema haiwezekani, basi halina matumaini! Huo ubishi ulikwenda miaka mingi, Marekani uliwaka hasa kuanzia miaka ya 1960, na mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press ulikuja kuliruhusu hilo tumizi mwaka 2012 tu. Nalisema hili kwasababu kuna watu wataniambia nakuza jambo dogo. Wenye Kiingereza chao walibishana karibu nusu karne juu ya matumaini ya basi, sisi tukiulizia mshangao wa mvua kwa barua moja tumezidisha nini?

Lakini kilichonikalisha chini kuandika barua hii zaidi ya ile habari ya mvua, ni bibi mmoja.

Ilikuwa mwezi wa sita, shule zimefunga, upepo wa Dodoma ule wa baridi unapiga mabati. Akaingia bibi wa Kigogo na mjukuu wake wa kidato cha pili. Nikamwamkia "mbukwenyi" akafurahi, akaitika, akakaa kwenye kiti cha plastiki, alafu akafungua pindo la khanga akatoa karatasi imekunjwa mara nne. Ripoti ya shule. Akasema, "Nisomee mwanangu, yote, hata ya pembeni."

Nikamsomea. Kiswahili C, Historia C, Baiolojia D, Jiografia C, Hisabati B, alama 68. Kila nikitaja somo anamtazama mjukuu, mjukuu anatazama chini, kavaa sweta la shule japo ni likizo na anavuta vuta uzi wa mkononi. Nikafika chini kwenye maoni ya mwalimu wa darasa. Maneno manne ya Kiingereza kwa kalamu nyekundu: "Surprisingly good in Mathematics."

Nikasita. Nilitamani niseme tu "mwalimu anasema hesabu ni mzuri" nimalizie hapo, lakini kasema nisome yote, na mtu asiyejua kusoma akikuamini na karatasi yake huna haki ya kumpunguzia. Nikamwambia, "Mwalimu anasema amefanya vizuri kwenye hesabu, cha kushangaza."

"Cha kushangaza nini?"

"Kwamba amefanya vizuri, bibi."

Akakaa kimya. Printa ilikuwa inatoa kazi ya mtu, ikamaliza, ikanyamaza nayo. Alafu akauliza taratibu kabisa, bila hasira, "Kwahiyo walitegemea afeli?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea yeye, "Huyu ndo anayenipigia hesabu za karanga tangu yuko darasa la tatu. Debe, nusu debe, kisado, hata chenji ya elfu kumi anakupa kabla hujamaliza kuuliza. Hajawahi kunipunja wala kumpunja mteja. Sasa wao wanashangaa nini?"

Mhariri, yule bibi hajui Kiingereza, hajakaa darasani, lakini kwa swali moja alilichambua lile neno kuliko nilivyowahi kulisikia likichambuliwa. Maana hivyo ndivyo lilivyo. "Surprisingly" likikaa mbele ya sifa halizidishi sifa peke yake, linapima sifa na kile ulichokuwa unategemea. Ukisema hoteli ni "surprisingly" safi umeshasema kwamba ulikuja ukijua utakuta uchafu. Nguo ikiwa "surprisingly" rahisi, basi ulijua ni ghali. Na mtoto akiwa "surprisingly" mzuri, umeshasema ulimweka kwenye fungu la wabovu kabla hujamsahihishia. Sifa inatolewa kwa mkono wa kulia na ule wa kushoto unaichukua.

Simlaumu sana yule mwalimu. Inawezekana alitaka kusema "vizuri mno" na akachukua neno lililosikika zito, ana ripoti za darasa zima za kuandika usiku, na wengi wetu tunaokota maneno ya Kiingereza kwa uzito wa sauti yake bila kufungua ndani. Na hapa niseme la moyoni, sioni kwanini ripoti inayokwenda kwa mzazi anayesoma Kiswahili, au asiyesoma kabisa, maoni yake yaandikwe Kiingereza. Masomo yafundishwe kwa lugha iliyopangwa, huo ni mjadala mwingine, lakini maoni yale ni barua kwa mzazi. Barua unaiandika kwa lugha ya unayemwandikia.

Bibi akaniuliza chini kabisa kuna mistari mitupu ni ya nini. Nikamwambia hapo ni maoni ya mzazi au mlezi. Akasema, "Andika." Nikachukua kalamu. Akasema, "Andika, sisi nyumbani hatukushangaa." Nikaandika hivohivo, sikuongeza neno. Akabonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino wa muhuri wangu akaliweka pembeni ya maneno yake. Mjukuu ndo mara ya kwanza nikamuona ameinua uso.

Tangu siku ile nikawa nalifuatilia neno lenyewe, lile mama yake, "surprise". Asili yake ni Kifaransa cha zamani, vipande viwili, cha kwanza maana yake juu, cha pili kushika au kuchukua, yaani kushikwa kutoka juu, kuvamiwa hujajiandaa, na mwanzoni lilitumika hata kwa mambo ya vita, jeshi kulivamia jeshi jingine. Baadae ndo likahamia moyoni. Na cha kufurahisha sisi huku ile maana ya kwanza tunayo mpaka leo kwenye "ziara ya kushtukiza", kiongozi anatua ofisini saa mbili kasoro watu hawajafika, au "mtihani wa kushtukiza". Hatusemi ziara ya kushangaza, tungesema hivo ingekuwa habari nyingine kabisa. Alafu mtaani tumelichukua neno lao lenyewe tukalifanya "sapraizi", na sapraizi yetu ni ya heri tu, keki, maua, mtu anamwagiwa maji siku yake ya kuzaliwa, hakuna anayesema kafanyiwa sapraizi akiwa kaibiwa pikipiki. Na tunalo "ghafla", la Kiarabu, ndugu yake na kughafilika, kwahiyo ndani yake kuna mtu ambaye akili ilikuwa kwingine jambo likamkuta. Umeme ukikatika ghafla wala sio cha kushangaza, na siku hizi kuna ambao wanaviandika kama kitu kimoja.

Yaani neno moja la Kiingereza huku kwetu limegawanywa vyumba vinne vitano na kila chumba kina mlango wake. Kwanini mwandishi aje na funguo moja?

Nirudi kwenye Dodoma maana na hapa kuna la kusema. Hata pale magazeti yanapoandika "cha kushangaza" kwa usahihi wa sarufi, bado swali la bibi linabaki, cha kumshangaza nani? Nimesoma mara nyingi makala za watu wanaokuja huku, hasa sasa treni ya mwendokasi imeanza tangu 2024 na mtu anatoka Dar asubuhi na jioni karudi. Wanaandika cha kushangaza Dodoma kuna zabibu, cha kushangaza Dodoma kuna kijani, cha kushangaza mji una barabara nzuri. Jamani, zabibu zinalimwa Hombolo na Mpunguzi na Chamwino miaka na miaka, na zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Kijani kipo, mvua zetu zinaanza mwezi wa kumi na mbili zinakwenda mpaka wa nne, ukija Februari utadhani umekosea mji, ukija Septemba utaona vumbi, ndo nchi ilivyo. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa mwaka 1973, serikali ikaanza kuhamia kweli 2016, jiji limetangazwa 2018. Aliyekaa huku hashangai. Anayeshangaa ni yule aliyekuja na picha ya jangwa kichwani, na hiyo picha hajaileta mtu wa Dodoma. Akiandika "nilishangaa kukuta" atakuwa amesema kweli yake na hatutamdai kitu. Lakini akiandika "cha kushangaza" anakuwa ameuchukua mshangao wake ameutundika shingoni kwa mkoa mzima.

Hata ile mvua yenu. Mkitoa hilo "kwa mshangao" mkaweka "cha kushangaza", bado mimi wa Nkuhungu nawauliza, mvua ya Desemba Dodoma inamshangaza nani? Ilikuwa kubwa, ndiyo, iliingia ndani kwa watu, ndiyo, jirani yangu godoro lilikaa juani siku tatu. Hayo ndo ya kuandika.

Kuna neno moja ambalo naona tunalidharau kwasababu ni la mdomoni zaidi na halina mwenzake kamili kwenye Kiingereza, nalo ni "kumbe". Hili kwangu ndo kubwa kuliko yote. Mtu akisema "kumbe Dodoma kuna zabibu", hakuna aliyetukanwa hapo. Amesema mimi nilikuwa sijui, sasa nimejua. Kosa amelibeba mwenyewe. "Surprisingly" inalisukumia lile jambo, kana kwamba lenyewe ndo limekosea kwa kuwa zuri, "kumbe" inarudi kwa msemaji. Hata yule mwalimu angeandika "kumbe huyu ni mtu wa hesabu" nadhani bibi angecheka akasema ndiyo mwalimu, ulikuwa hujui, sasa umejua. Na hakuna anayeweza kusema kumbe bila mwenyewe kuwepo, hata kama hakutajwa, ni lazima kuna mtu ambaye macho yamefunguka. Ukiniambia kumbe sio neno la gazetini nitakuuliza nani alipitisha sheria hiyo, maana kwenye mahojiano ya watu mnaliandika kila siku.

Sasa ombi langu Mhariri, na nimelifikiria, sijalitoa juu juu. Wale wanaopitia habari kabla hazijachapwa wakikuta "kwa mshangao" waulize swali moja tu, wa nani? Kama mwenye mshangao yupo kwenye sentensi na ndo anayetenda, waache. Kama hayupo wamtafute, waandike wananchi walishangaa, wakili alishangaa, mimi mwandishi nilishangaa. Na kama baada ya kumtafuta hawamuoni, basi hakuna aliyeshangaa, walifute neno na habari itabaki imesimama vizuri tu. Haichukui dakika mbili.

Na kama kuna walimu wanasoma ukurasa huu, shule zinafungua Januari, wale watoto wa mwezi wa sita watarudi na ripoti zingine mwezi wa sita mwingine, na bibi kaniambia ataniletea tena nimsomee. Naomba siku hiyo nimsomee kitu ambacho sitasita katikati.

Wenu msomaji,
Mama wa steshenari,
Nkuhungu, Dodoma.